Mume wangu yuko mashineni mwaka wa nne, mbona hatujaitwa kupimwa kwa ajili ya figo?

Swali: Mume wangu ana miaka 52. Presha ilimla figo kimyakimya, na tangu Aprili 2022 anasafishwa damu mara tatu kwa wiki hapa Columbus, Ohio. Tulikuja Marekani mwaka 2016 kwa bahati nasibu ya grini kadi, tukitokea Tanga. Mwezi uliopita, msibani, tulikutana na Mkenya mmoja aliyepandikizwa figo. Anasema yeye alianza kupimwa kabla hajakaa mashineni hata siku moja. Sisi hakuna aliyetuambia. Nilipouliza kituoni, nesi alinijibu kwamba daktari atasema wakati ukifika. Huyo Mkenya akaongeza kuwa watu weusi walikuwa wakipigiwa hesabu isiyo sawa na sasa wanarudishiwa miaka yao. Ni kweli? Na mdogo wake mume wangu, yuko Tanga, anasema yuko tayari kutoa figo. Kiingereza chetu ni cha dukani, hospitali anatutafsiria binti yetu wa miaka 14. Tuanzie wapi?

Jibu: Dada yangu, pole sana, na shemeji naye mfikishie pole zangu. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuratibu upandikizaji wa figo hukuhuku Marekani, na swali lako nimelisikia kwa Kiswahili cha Tanga, cha Mombasa, cha Bukavu na cha vijana waliokulia kambini Nyarugusu. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu umeuliza mambo manne ndani ya moja.

Nianze na la kukupa usingizi leo. Foleni ya shemeji haijapotea. Tangu Desemba 2014, utaratibu wa kugawa figo Marekani unahesabu muda wa kusubiri kuanzia siku mgonjwa alipoanza kusafishwa damu, hata kama jina lake limeingia kwenye orodha miaka kadhaa baadaye. Akiorodheshwa mwezi ujao, ataingia na tarehe yake ya Aprili 2022. Hatawekwa nyuma ya aliyeanza mashine mwaka jana.

Sasa la kukukosesha usingizi. Kukaa mashineni siyo kuwa kwenye foleni ya figo. Watu wetu wengi wanaamini kwamba hospitali ikishajua figo zimekufa, basi kuna daftari mahali fulani lenye jina la mgonjwa, na siku moja simu italia. Kwa shemeji simu haitalia. Kwa unavyonieleza, hayumo kwenye daftari lolote, na hakuna mtu kituoni ambaye kazi yake ya kila siku ni kuhakikisha anaingia.

Kabla ya orodha kuna hatua mbili. Ya kwanza ni rufaa: jina lake lifike kwenye hospitali inayopandikiza, likiwa limepelekwa na daktari wa figo, na kituo cha dayalisisi (ndiko huko kusafishwa damu), au na nyinyi wenyewe. Ya pili ni tathmini, ambapo hospitali hiyo inampima mwili, inaangalia bima na inauliza nani atamtunza, kisha kamati inakaa na kuamua. Magazeti yakiandika kuhusu uhaba wa figo yanazungumzia watu walio ndani ya orodha, karibu 90,000 nchi nzima. Lakini wanaosafishwa damu Marekani ni zaidi ya nusu milioni. Wengine ni wazee sana au wana maradhi mengine yanayofanya upasuaji uwe hatari kuliko mashine, hilo nakubali. Wengine ni kama shemeji, hawajawahi kuulizwa.

Kuna utafiti wa jimbo la Georgia uliochapishwa mwaka 2015 ambao huwa nauweka mezani kila nikibishiwa hili. Waliangalia vituo 308 vya dayalisisi na wagonjwa zaidi ya 15,000, wakauliza jambo moja: ndani ya mwaka wa kwanza wa mashine, wangapi walipewa rufaa ya kwenda kutathminiwa? Kituo cha katikati kilipeleka karibu mmoja kati ya wanne. Kulikuwa na vituo vilivyopeleka asilimia 75, na vingine vilipeleka sifuri. Wagonjwa wa kituo kimoja si sawa na wa kingine, sawa, ila sifuri na 75 haielezeki kwa ugonjwa peke yake. Anayekaa kiti cha kituo hiki anasikia habari za kupandikizwa wiki ya kwanza, na anayekaa kiti cha kituo cha ng'ambo ya barabara anazisikia msibani.

Kwa nini shemeji hakuambiwa? Mara nyingi sijaona ubaya wa makusudi. Daktari wa figo hupita kwenye viti, dakika chache kwa kila mgonjwa, akidhani kituo kimeshaeleza. Kituo kinadhani daktari ameeleza. Manesi wanabadilishana zamu. Halafu kuna mawazo ambayo hayasemwi kwa sauti: huyu Kiingereza kinampiga chenga, anafanya kazi ya zamu, atawezaje masharti ya dawa? Mawazo hayo hayaandikwi popote, kwa hiyo huwezi kuyakatia rufaa. Unachoweza ni kuyapita.

Kuna karatasi moja nataka uiombe. Mgonjwa anapoanza dayalisisi, kituo hujaza fomu ya serikali namba 2728 ya kuthibitisha kwamba figo zimeshindwa. Ndani yake mna swali kama mgonjwa ameelezwa kuhusu kupandikizwa, na kama hajaelezwa, sababu ni nini. Mgonjwa huweka sahihi. Inawezekana kabisa shemeji alitia sahihi Aprili 2022, wiki ileile ya mipira ya mashine na hofu, pasipo mtu kumsomea. Ombeni nakala, mwone kilichoandikwa. Sikushauri hivyo ili mkagombane na mtu. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, mazungumzo na meneja wa kituo hubadilika mara moja, maana kanuni za serikali zinataka mpango wa matibabu wa kila mgonjwa uonyeshe suala la kupandikizwa limefikia wapi, na kama hafai, kwa nini.

Lakini msiisubiri karatasi. Hospitali nyingi zinazopandikiza hupokea mgonjwa anayejileta mwenyewe. Unapiga simu kitengo cha upandikizaji figo, unasema mume wangu yuko kwenye dayalisisi tangu 2022 na tunaomba kutathminiwa. Watachukua jina, bima na kituo, kisha wao ndio watakaodai rekodi kwa daktari. Neno "daktari atasema wakati ukifika" halina nafasi hapo, maana wakati ulishafika. Huyo Mkenya hakupendelewa: sheria inaruhusu kuorodheshwa na kuanza kuhesabiwa muda mara uwezo wa figo unaposhuka hadi 20 au chini yake, kabla ya mashine. Alikuwa na daktari aliyeanza mapema, basi.

Na hiyo 20 ndiyo inayotupeleka kwenye hesabu uliyoisikia. Ni kweli. Wala siyo uvumi wa mtandaoni.

Figo zikidhoofika, taka iitwayo kretinini hujaa kwenye damu. Maabara huchukua kiwango chake, umri na jinsia, hupiga hesabu na kutoa makadirio ya jinsi figo zinavyochuja. Kwenye karatasi utaona herufi eGFR na namba mbele yake. Mwaka 1999 ilitoka fomula ya hesabu hiyo iliyokuwa na kipengele cha rangi: mgonjwa akiwa mweusi, jibu linazidishwa kwa takriban 1.2. Fomula iliyofuata mwaka 2009 ilizidisha kwa 1.159. Hoja ilikuwa kwamba weusi walioshiriki utafiti walikuwa na kretinini nyingi zaidi kwa uwezo uleule wa figo, na ikasemwa ni kwa sababu ya misuli. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo sayansi ilipolala usingizi. Mvuvi wa Pangani, karani wa Dakar na mjukuu wa watumwa wa Alabama waliwekwa kwenye kisanduku kimoja na kupewa misuli ya aina moja.

Tazama inavyofanya kazi. Damu ya mtu inatoa 18. Akiwa mzungu, karatasi inasema 18 na anaweza kuorodheshwa leo. Akiwa mweusi, 18 inazidishwa kwa 1.159 na karatasi inasema 21. Anaambiwa figo bado zinajitahidi, rudi baada ya miezi sita. Damu ni ileile. Na haya yalitokea kwa watu ambao figo zao hufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wazungu.

Septemba 2021, jopo la National Kidney Foundation, taasisi ya taifa ya figo, na chama cha madaktari wa figo wa Marekani lilipendekeza fomula mpya isiyo na rangi. Julai 2022 mtandao wa taifa unaosimamia ugawaji wa viungo, OPTN, ukapiga marufuku kutumia fomula za rangi katika kuorodhesha. Kisha Januari 2023 ukafanya jambo ambalo si la kawaida katika tiba: ukaziagiza hospitali zote zirudi kwenye mafaili, zitafute wagonjwa weusi waliocheleweshwa, na ziwarudishie muda wao. Hadi katikati ya Machi 2024, zaidi ya watu 14,300 walikuwa wamerekebishiwa, kwa wastani wa miaka miwili kila mmoja. Wako waliopigiwa simu ya figo wiki chache baada ya tarehe yao kusogezwa.

Je, shemeji anahusika? Huenda. Alianza mashine Aprili 2022, kwa hiyo vipimo vyake vya miaka ya nyuma vilifanyika wakati fomula ya rangi ingali inatumika. Swali ni kama kuna karatasi ya kabla ya Aprili 2022 inayoonyesha kwamba, bila kuzidishiwa, alikuwa ameshafika 20 au chini. Muda haurudishwi kwa kukadiria. Unahitaji karatasi. Kumbukeni alikuwa akitibiwa presha kliniki gani kati ya 2017 na 2022, aliwahi kulazwa wapi, na damu ilipimwa maabara ipi. Ombeni majibu yote ya kretinini na eGFR. Rekodi ni haki yake. Na angalieni vizuri, kwa sababu karatasi nyingi za zamani zina mistari miwili: mmoja umeandikwa ni wa Wamarekani weusi, mwingine wa wasio weusi. Mkiukuta mstari wa pili unasema 19 na wa kwanza 22, ushahidi wote uko kwenye karatasi moja. Mpelekeeni mratibu siku ya tathmini, mwambieni mnaomba marekebisho ya muda wa kusubiri kwa sababu ya fomula ya rangi. Ataelewa.

Nikuombe tu usiifanye hesabu hiyo kuwa habari yote. Naona wenzetu wanaipenda kwa sababu ina mkosaji anayeonekana. Kwa shemeji inaweza kurudisha miezi kadhaa, pengine mwaka au zaidi. Kilichomkaba zaidi ni kukosa rufaa. Na ingawa foleni inahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya mashine, mwili hauna utaratibu kama huo. Kila mwaka wa dayalisisi unachosha moyo na mishipa, na ni moyo huohuo utakaopimwa kwenye tathmini.

Sasa binti. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Mtoto wa miaka 14 asitafsiri. Hospitali na vituo vyote vinavyopokea fedha za serikali ya Marekani vinawajibika kukupa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010, na kanuni za kifungu hicho zinakataza kumtegemea mtoto isipokuwa kwenye dharura. Unaposhika simu sema maneno mawili tu, "Swahili interpreter", kisha usubiri. Wakikupa mkalimani wa simu ambaye Kiswahili chake kinawapita pembeni, ombeni mwingine.

Siyo suala la kumwonea huruma mtoto tu, ingawa hata hilo linatosha. Tathmini ni mahali ambapo maneno yako yanageuka kuwa maksi. Nilikuwa na mzee mmoja, mtu wa heshima zake, aliyeulizwa na ofisa wa ustawi wa jamii: ukitoka hospitali baada ya upasuaji, nani atakutunza? Akajibu kama tulivyolelewa kujibu: "Mungu yupo." Mjukuu akatafsiri neno kwa neno. Kwenye faili ikaandikwa kwamba mgonjwa hana mtunzaji, na kamati ikamweka kando. Mzee huyu alikuwa na wapwa sita mjini na wawili kati yao wakilala sebuleni kwake. Ilituchukua karibu miezi mitano kulirekebisha faili.

Kwa hiyo shemeji akiulizwa hilo, ajibu kwa majina na ratiba: mke wangu atakuwa nyumbani wiki mbili za kwanza, fulani ana gari na atanipeleka kliniki Jumatatu na Alhamisi. Akiulizwa kama amewahi kukosa mashine, asiseme "mara mojamoja" kwa unyenyekevu ikiwa ukweli ni mara moja mwaka 2023 kwa sababu ya theluji. Unyenyekevu wetu husomeka vibaya kwenye faili. Aseme tarehe na sababu.

Tathmini yenyewe huchukua siku moja au zaidi za kuzungukia vyumba, halafu wiki au miezi ya vipimo vya ziada. Wataangalia moyo kwa undani, watapima mishipa ya nyonga kama inaweza kupokea figo mpya, watataka vipimo vya saratani vya umri wake, kikiwemo cha utumbo mpana kwa kuwa ameshapita 45, na watamtuma kwa daktari wa meno. Meno! Nimeona watu wakikwama miezi minne kwa jino moja bovu, kwa sababu dawa za kuzuia mwili usiikatae figo hushusha kinga na jino linaweza kuua. Anzeni na meno na utumbo mpana kabla hata hamjaitwa.

Kwa aliyezaliwa Tanga kuna ya ziada, na si kila daktari wa Ohio anayakumbuka. Kifua kikuu kilicholala mwilini: waombe kipimo cha damu kuliko kile cha sindano ya ngozi, maana chanjo ya BCG tuliyochanjwa utotoni inaweza kukichanganya cha ngozi. Homa ya ini ya B. Minyoo aina ya strongiloidi, ambayo inaweza kukaa mwilini miongo bila dalili na kulipuka kinga ikishushwa. Kichocho, kama aliogelea mitoni. Haya yote yanatibika, na hakuna hata moja linalofunga mlango. Hata virusi vya Ukimwi havifungi mlango siku hizi kama vimedhibitiwa.

Baada ya hapo kamati inakaa. Likitoka jibu, hospitali inatakiwa iwaandikie barua ndani ya siku 10 za kazi, iwe amekubaliwa au amekataliwa. Isomeni barua hiyo na mkalimani, neno kwa neno, kwa sababu kuna mtego ambao wagonjwa wengi hawaujui: mtu anaweza kuwa kwenye orodha na bado asiwe hai kwenye orodha. Jina limo, muda unahesabika, ila figo haziwezi kuja kwake mpaka kitu fulani kikamilike, kwa mfano kipimo cha moyo kilichopitwa na wakati au bima iliyobadilika. Nimekutana na watu waliokaa hivyo mwaka mzima wakijua wanasubiri. Kila baada ya miezi mitatu piga simu uulize: je, mume wangu yuko hai kwenye orodha leo? Kama hapana, kinachokosekana ni nini?

Wakimkataa, ombeni sababu kwa maandishi. Hospitali hazina kipimo kimoja; uzito unaokataliwa hapa unakubaliwa umbali wa saa mbili kwa gari, na hali ya moyo vivyo hivyo. Mnaweza kwenda hospitali nyingine, na mnaruhusiwa hata kuorodheshwa mbili kwa wakati mmoja, mradi bima ilipe vipimo na muweze kufika haraka simu ikilia.

Nije kwa shemeji mdogo wa Tanga. Mshukuruni kwanza, halafu mpeni nafasi ya kubadili mawazo. Figo ya mtu aliye hai kwa kawaida hudumu zaidi ya ile ya marehemu na inakuja bila foleni, kwa hiyo zawadi yake ni kubwa. Hospitali humpa mtoaji mtetezi wake mwenyewe, mtu asiyehusika na matibabu ya mpokeaji, na akimnong'oneza huyo kwamba ameshinikizwa na ukoo, hospitali itasema tu kwamba hafai, bila kumwaibisha kwa kaka yake. Mwambieni hilo mapema. Fedha haziruhusiwi, kununua au kuuza figo ni kosa la jinai Marekani tangu sheria ya 1984. Kumrudishia nauli, malazi na mshahara aliokosa siyo kuuza, hayo sheria inayaruhusu.

Kabla ya tiketi yoyote, akapime vitu vitatu hukohuko Tanga: kundi la damu, presha kwa siku kadhaa, na sukari. Presha nasisitiza kwa sababu ni yenyewe iliyommaliza kaka yake, na inatembea kwenye familia. Kundi la damu likikataa, msikate tamaa, kuna utaratibu wa kubadilishana ambapo figo ya mdogo wake inakwenda kwa mgonjwa mwingine na ndugu wa mgonjwa huyo anampa shemeji. Gharama za kumpima na kumpasua mtoaji hubebwa na bima ya mpokeaji, ila nauli na viza ni juu yenu. Hospitali huandika barua ya kuunga mkono ombi la viza. Masharti ya viza kwa nchi zetu yamekuwa yakibadilika sana, angalieni ya wiki hiyo kabla ya kulipa chochote. Na akirudi Tanga na figo moja, lazima awe na mahali pa kupimwa presha, mkojo na kretinini miezi sita baadaye, mwaka, miaka miwili, na kuendelea. Mtafutieni daktari Hospitali ya Bombo kabla ya upasuaji, siyo baada.

Najua mtu atawaambia ingekuwa rahisi shemeji aende nyumbani. Muhimbili wanapandikiza tangu Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018, kwa ndugu kumpa ndugu, na kazi yao naiheshimu. Lakini Medicare, bima ya serikali ya Marekani, kwa kawaida hailipi upasuaji wa nje ya Marekani, na upasuaji usiolipiwa na Medicare unaweza kuvuruga malipo ya dawa atakazozihitaji maisha yake yote. Muulizeni ofisa wa fedha wa hospitali swali hilo kabla hamjafungasha.

Kuhusu dawa hizohizo: kama shemeji ana Medicare kwa sababu ya figo tu, itakoma miezi 36 baada ya kupandikizwa. Zamani watu walipoteza figo nzuri hapo kwa kukosa hela ya vidonge. Tangu Januari 2023 kuna mpango wa Medicare unaolipia dawa za kinga peke yake kwa asiye na bima nyingine. Mkumbuke kujiandikisha, hauji wenyewe. Grini kadi haimzuii kuorodheshwa.

Kwa wiki hii, basi. Jumatatu, siku isiyo ya mashine kama ratiba yake ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, pigeni simu kitengo cha upandikizaji, ombeni mkalimani kwanza, mtoe jina. Muulize pia jina la mratibu na namba yake ya moja kwa moja, uiandike kwenye mlango wa friji. Kituoni ombeni nakala ya fomu 2728 na majibu ya vipimo vya miezi 12. Kliniki ya zamani ya presha, majibu ya 2017 hadi 2022. Daktari wa meno, miadi ya kwanza inayopatikana. Na siku ya tathmini, ambayo itaangukia katikati ya wiki, binti aende shule.